Matroni na Msitu Ulionyamaza

Matroni hakuwa na darubini na hakutaka kuazimwa. Kule msituni Kisarawe, siku za Jumamosi, wageni kutoka Dar walipomwona mama mtu mzima anapita na mwavuli na chupa ya chai tu, wapo waliomwonea huruma wakamnyooshea za kwao. Alizirudisha kwa adabu. "Asante, mwanangu. Mimi nasikiliza." Wakishatangulia, ananigeukia. "Umewaona? Wanatazama ndege kama wanatazama mpira. Karuka huku, shingo zote huku."

Yeye alitembea akiangalia chini, pale anapokanyaga, na ndege aliwapata kwa masikio. Akimsikia mmoja alisimama, akanyoosha kidole cha shahada juu, akakiacha hapo hewani mpaka ndege amalize anachosema. Kisha alikishusha na kuendelea. Kidole kikiwa juu ilikuwa marufuku kukohoa.

Sijui alizaliwa wapi wala ni mtoto wa ngapi kwao. Mtaani kwetu Mbwawa kila mtu alimwita Matroni, hata fundi aliyempigilia bati, kwa kuwa alikuwa matroni wa bweni la wasichana upande wa Tumbi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kujenga jirani na kwetu. Jina lake halisi niliwahi kuliona kwenye bili ya maji iliyoletwa nyumbani kwetu kwa makosa. Nikaigeuza haraka, kama niliyemkuta mtu anavaa.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ni vizuri niseme mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya habari hii ni wasiwasi wangu. Natengeneza kadi za harusi na za sendofu, zile sherehe za kumuaga bibi harusi, kwenye kompyuta. Kazi hiyo sikuisomea. Nilijifunza mwenyewe kwa kutazama wengine mtandaoni, na labda ndiyo maana siamini kwamba naijua. Kabla ya kupeleka kadi kuchapwa naisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja, ili macho yasinidanganye. Ikishachapwa naogopa kufungua boksi. Ndege nao nilijifunza hivyo hivyo. Nilipakua sauti zao kwenye simu, nikawa nazisikiliza huku napanga maua kwenye kona za kadi, mpaka nikawa na majina mengi kichwani na sithubutu kulitoa hata moja. Je, kama si yeye? Yupo mwingine anayelia karibu sawa. Sikuzote yupo mwingine anayelia karibu sawa.

Ni hizo sauti za simu zilizotukutanisha. Siku moja nilikuwa uani nimeacha simu iimbe peke yake, na Matroni akasema kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma, bila kuonekana:

"Wewe binti! Huyo ndege unamfuga au umemfunga?"

"Ni simu, Matroni. Shikamoo."

"Marahaba. Mwache apumzike, kachoka kurudia maneno yale yale. Jumamosi nitakupeleka kwa wenzake."

Ndivyo nilivyoanza kwenda. Tulishuka Kiluvya, tukachukua bajaji hadi Kisarawe, na kutoka hapo hadi kwenye geti la msitu wa hifadhi tukatembea. Msitu huo una njia zilizofagiliwa, vibao vya mishale, bwawa katikati na kibanda cha ofisi chenye bati la kijani. Kutoka kwenye kilima kimoja unaona maghorofa ya Dar yamesimama mbali kwenye ukungu. Matroni hakupenda kilima hicho. Alisema hakuja huku kutazama alikotoroka.

Majina yangu ya kwenye simu aliyasikiliza siku ya kwanza, kwa heshima, halafu akayaweka pembeni. Yeye alikuwa na yake. Ndege wote aliwapa majina ya wasichana wa bwenini. Yule anayeanza kabla ya jua, kwa sauti kavu, na haachi mpaka wote wameitikia, alikuwa Kiranja. Wale wadogo wanaotembea kwa makundi juu kabisa, wanaong'ong'a wote kwa pamoja, walikuwa Wasengenyaji. Alikuwepo Mgonjwa wa Jumatatu, ambaye huguna tu. Hondohondo peke yake aliachiwa jina lake, kwa kuwa, alisema, huyo ana heshima zake.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Mchelewaji. Huyo hutoa sauti tatu zinazopanda, nyembamba, halafu ananyamaza. Mgeni hudhani amemaliza. Ukisubiri, inakuja ya nne, ya chini, peke yake, kama msichana aliyebaki bombani wakati wenzake wameshaingia. "Yule mwingine yuko wapi?" Matroni alikuwa akiuliza, kidole juu. Ile ya nne ikidondoka alishusha kidole na kusema, "Kaja. Twende." Nimemtafuta Mchelewaji kwenye simu yangu miaka yote hii. Zipo sauti mbili zinazofanana naye, na mpaka leo sina uhakika ni ipi.

Masikio yake yalikuwa habari kubwa kabla sijamjua. Wanawake waliosoma chini yake, wengine sasa ni maofisa wenye vitambi na madereva, walikuja kumsalimia Mbwawa na walikaa kwenye kochi lake wamebana magoti. Walinisimulia kwamba alisimama koridoni, taa zimezimwa, wasichana wote wamelala au wanajifanya, na akasema taratibu, "Kitanda cha dirishani, tema biskuti." Alijua kilio cha kukumbuka nyumbani na kilio cha jino. Mmoja aliniambia kwamba alipopata habari ya msiba wa baba yake alilia ndani ya mto, akiwa ameuma foronya, na bado Matroni alikuja akaketi kwenye kitanda chake mpaka kukapambazuka. Alikuwa tu amesikia.

Ndiyo maana jambo lililotokea baadaye lilinikosesha raha kuliko hata boksi la kadi. Matroni alianza kupoteza masikio, na niliyeliona mapema, nadhani, ni mimi. Sikujua nimwambie au ninyamaze.

Lilianza na hodi. Nilikwenda kwake kumrudishia chungio, nikapiga hodi mlangoni. Kimya. Nikapiga tena. Ndani namsikia anaburuta kiti, yupo. Nikapaza sauti mpaka mama yangu akaitikia karibu kutoka nyumbani kwetu. Mwishowe niliingia, nikamkuta anachambua mchele, akashtuka mpaka ungo ukaruka.

"Siku hizi mnaingia tu! Hodi imekwenda wapi?"

"Nimepiga, Matroni."

"Umepiga wapi? Mbinguni?"

Nikaomba radhi. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Baada ya hapo nikaanza kuona mengine. Watoto wa mtaani walimwamkia, "Shikamoo Matroni!" naye akapita bila kuitikia marahaba, halafu jioni anamwambia mama yangu kwamba kizazi hiki hakina salamu. Mzazi mmoja akamchapa mtoto wake kwa hilo. Mtoto analia, "Nimemwamkia! Nimemwamkia!" na mimi nipo dirishani na kipanya cha kompyuta mkononi, najua anasema kweli. Nilisema moyoni, kesho nitamweleza Matroni. Kesho yake nilipanga maneno, nikayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, nikaona lipo moja linaloweza kumuumiza, nikaacha.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa kuogopwa kwa kila kitu. Alikuwa na vituko. Mwanamke aliyenyamazisha bweni zima kwa kukohoa aliogopa kima wa msituni kuliko simba. Kima mmoja aliwahi kumnyang'anya kipande cha muhogo wa kuchemsha, kwa adabu tu, mkono kwa mkono, na tangu siku hiyo wakionekana alifungua mwavuli hata kama hakuna jua wala mvua, akatembea nyuma yake kama nyuma ya ngao. Alipenda ndege, lakini kuku wake aliwatazama kama mboga. Na kunguru alikuwa na vita nao. Walipotua kwenye bati lake alitoka na mfuniko wa sufuria na mwiko, akaupiga mpaka majirani wakatoka.

"Matroni, nao ndege," nilimtania siku moja.

"Hao si ndege. Hao ni wahuni. Ndege anaimba. Wewe ushawahi kumsikia mhuni anaimba ukapenda?"

Mwaka huo huo wa hodi, akabadilisha utaratibu wetu wa kutembea. Desturi ilikuwa yeye mbele, mimi nyuma, kimya. Asubuhi moja tulipovuka geti alisimama, akanipisha.

"Leo wewe mbele."

"Kwa nini, Matroni?"

"Kwa sababu nimesema. Ukisikia, taja. Usitafute, usifikirie. Taja."

Niliuchukulia kuwa mtihani. Yeye alikuwa matroni, mimi nilikuwa binti, na watu wa namna hiyo hukuweka mbele ili waone utakosea wapi. Juu kulikuwa kumejaa. Wasengenyaji walikuwa wanapita kwenye vilele, Mgonjwa wa Jumatatu anaguna bondeni, na kitu kingine chembamba kilikuwa kinaita kulia kwangu ambacho kingeweza kuwa Mchelewaji au kisiwe. Nilisimama. Nilisubiri sauti ya nne. Haikuja upesi, nikaanza kufikiri kwamba labda si yeye, ni yule mwingine anayelia karibu sawa.

"Nini?" akauliza nyuma yangu.

"Bado sina uhakika."

Akashusha pumzi. Tukaenda. Tulikwenda hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi, yeye nyuma na mwavuli wake, mimi mbele na midomo imefungwa. Siku nilizotaja kitu nilitaja hondohondo, kwa sababu hondohondo hata mtoto anamjua. Aliitikia, "Huyo nimempata." Vingine vyote vilipita juu ya vichwa vyetu bila jina. Usiku nililala nikijisahihisha: pale penye daraja alikuwa Kiranja, hakika, ningesema. Jumamosi iliyofuata nilinyamaza tena.

Halafu akaanza kulalamika kwamba ndege wamepungua. Mwanzoni alilisema kama mtu anavyosema mvua zimepungua. Baadaye akalisema kwa hasira, na akapata wa kumlaumu. Walikuwa vijana wanaokuja na spika za kubeba mkononi, wanakaa kando ya bwawa wanacheza muziki mpaka majani yanatetemeka. Hata mimi muziki ule ulinikera. Lakini Jumamosi moja, wakati tunarudi, Matroni hakuelekea getini. Alielekea kwenye kile kibanda chenye bati la kijani, na kabla sijajua alikuwa ameshaweka mwavuli wake juu ya meza ya askari wa msitu.

Askari alikuwa kijana wa hapo hapo Kisarawe, mpole, mwenye sare iliyompwaya mabegani. Alisimama.

"Shikamoo, Mama."

Kwa bahati alikuwa amesimama mbele yake kabisa. "Marahaba. Mwanangu, nimekuja kushitaki. Ndege wameondoka."

"Wameondoka wapi, Mama?"

"Ningejua walikoenda ningewafuata. Wale wadogo wadogo hawapo. Wa juu, hawapo. Anayeimba nne, hayupo. Mmeruhusu disko humu, mmewafukuza. Mimi nakuja msitu huu tangu wewe unanyonya. Sasa nataka wale vijana wapigwe marufuku. Wote. Na wewe uandike kwamba nimesema."

Juu ya bati, wakati anasema hivyo, kundi zima la Wasengenyaji lilikuwa limetua kwenye mti ulioinamia kibanda. Walikuwa wengi na wana kelele, wanashuka tawi kwa tawi, mpaka kijana ikabidi apaze sauti ili asikike. Alitazama juu. Akamtazama Matroni. Kisha akanitazama mimi.

"Dada," akasema taratibu, "hata wewe huwasikii?"

Matroni akageuka, akanitazama usoni. "Anasemaje?"

Nilihisi masikio yangu mwenyewe yanawaka. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nikisema wapo, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kijana wa watu. Nikisema hawapo, vijana wa spika watabebeshwa lawama ya kitu kisichotokea. Nilichosema ni, "Anasema atalifikisha kwa wakubwa wake, Matroni."

Yule kijana hakunisuta. Aliinamisha kichwa tu, kama anayekubali.

Tulipofika barabarani, kabla ya bajaji, aliugeukia msitu akautazama. "Basi tena," akasema. "Umebaki miti. Miti hata Mbwawa ipo. Sina ninalokuja kufanya huku."

Nilidhani ni hasira, itapita. Haikupita. Jumamosi iliyofuata nilisimama kwenye ua wa michongoma na viatu vyangu vya kutembelea, akanipungia mkono kutoka barazani niende zangu. Mvua zilipoanza alifunga nyumba, akaenda Gwata kwa mdogo wake wa kike, kulima. Alimwambia mama yangu kwamba huenda asirudi mapema. Kunguru wakatua kwenye bati lake na hakuna aliyewapigia mfuniko.

Wiki hizo sikufanya kazi ya maana. Nilitengeneza kadi, nikazifuta. Kila nilipofumba macho niliona mizani ile ile. Nikimwambia, nitamnyang'anya masikio, kitu alichojulikana nacho kuliko jina lake. Nikinyamaza, nitakuwa nimeuacha msitu wenye ndege tele ubaki mtupu kwa mtu mmoja aliyeupenda kuliko wote. Nilitafuta njia ya tatu kwa bidii, kwa kuwa watu wa wasiwasi tunaamini ipo sikuzote, ila hatujaamka mapema vya kutosha. Sikuipata. Mwishowe mama yangu alichoka kuniona nazunguka uani.

"Kama ni Matroni, nenda," akasema. "Gwata si Ulaya."

Nilimkuta uani kwa mdogo wake, ameketi kwenye mkeka chini ya ukuta, anamenya karanga. Kando ya jiko la nje kulikuwa na mgomba uliotoa ua, lile zambarau zito linaloning'inia. Nilipiga hodi kwa mbali, nikajua haisaidii, nikaenda mpaka mbele yake ndipo nikaamkia.

"Marahaba! Kumbe unajua njia." Alinitazama vizuri. "Umekonda. Una nini?"

Nikavuta pumzi. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu kituoni. "Matroni, nimekuja kukuambia jambo."

"Kaa upande huu," akasema, akigonga mkeka kulia kwake. "Huo wa kushoto umeshastaafu."

Nikabaki nimesimama.

"Kaa, binti. Usinizibie jua."

Nilikaa. Akaendelea kumenya karanga huku ananieleza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akielezea nani kachelewa prepo, masomo ya jioni. Asubuhi moja alikuwa amekaa hapo hapo anakunywa uji. Akaja ndege aitwaye chozi kwenye ua la mgomba, yule mdogo mwenye mdomo kama sindano ya kushonea magunia. Alikuwa karibu, angeweza kumgusa kwa mwiko. Chozi alikunywa, akatua kwenye jani, akafungua mdomo.

"Nikaona koo linatetemeka," akasema. "Mdomo umefunguka, koo linakwenda hivi, hivi, hivi. Na hakutoa kitu. Nikasema, masikini, huyu kaumwa nini? Halafu mtoto wa mdogo wangu akatoka ndani anamwigiza, anacheka. Yeye alimsikia kutoka ndani."

Akatupa maganda.

"Ulijua?"

"Ndiyo, Matroni."

"Tangu lini?"

"Tangu hodi."

"Hodi ipi?"

"Ya chungio."

Alikumbuka. Nilimwona anaikumbuka, na nyingine zote nyuma yake, hodi na shikamoo zote zilizodondoka mlangoni kwake. Uso wake ulibadilika kwa muda nikatamani ardhi ipasuke. "Na yule mtoto aliyechapwa?"

"Alikuwa amekuamkia."

Akaacha kumenya karanga. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga popote kwenye hesabu zangu.

"Unajua kwa nini nilikuweka mbele? Nilianza kuona wale wadogo wanakuja mbali mbali, kama wanaimba ndani ya debe. Nikasema, labda ni mimi, labda ni wao. Huyu ana masikio mapya, atanitajia nijue. Nikakuweka mbele. Wewe ukanyamaza. Nikasema basi, si mimi. Kama hata huyu hasikii, wameondoka kweli."

"Nilikuwa nasikia, Matroni."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja niwe na uhakika."

Alinitazama kwa muda, kama anavyotazamwa msichana anayeeleza kwa nini viatu vyake vimelowa.

"Mimi nilikuwa na uhakika," akasema. "Nikaenda nao mpaka ofisini."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka karanga zikamwagika, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nalia, kwa kuwa sijui kufanya kimoja kwa wakati. Mdogo wake akachungulia kutoka jikoni, akauliza kuna nini. "Hakuna," Matroni akasema. "Tunafanya mtihani." Kisha akanipigapiga goti. "Daktari nitamwona, hilo langu. Watoto wangu wa bwenini nao wananiimbia kuhusu vidude vya kuweka sikioni. Vyote hivyo vitakuja. Jumamosi twende."

Hiyo ni Jumamosi iliyopita. Alirudi Mbwawa, akaanza na yule mtoto aliyechapwa, akamwita mpaka barazani, akainama, akamwambia aamkie. Mtoto akaamkia kwa woga. Matroni akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, akampa muhogo. Msituni alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda. Askari alipomwona alisimama, ananitupia jicho la kuomba msaada.

"Mwanangu," Matroni akasema, "ndege wamerudi."

"Wamerudi, Mama?"

"Wamerudi. Wale vijana waache wakae, ila wapunguze. Endelea na kazi."

Kijana akasema asante. Nadhani alikuwa anazuia kucheka, na nadhani Matroni aliliona hilo, kwa maana siku hizi anatazama sana nyuso.

Nilitangulia. Yeye akanifuata, kanga begani, mwavuli umefungwa. Hatukwenda mbali kabla sijasikia kitu. Nikageuka nimtajie. Akainua kiganja.

"Majina ninayo," akasema. "Usinipe jina. Niigizie."

"Hapa?"

"Unataka wapi? Kanisani?"

Nyuma yetu lilikuwa limefika kundi la wageni, vijana wa mjini na viatu vyao vyeupe, simu mikononi. Walisimama kutupisha, nasi hatukupita. Matroni alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wangu. Sijawahi kuimba mbele ya watu. Hata kanisani huwa nafungua mdomo tu. Nikajilamba midomo, nikamsogelea upande wa kulia, nikatoa zile tatu. Zilitoka mbovu. Ya pili ilipasuka katikati. Msichana mmoja nyuma akacheka, mwenzake akamwambia shii.

Matroni alinyoosha kidole juu.

Kikabaki hapo. Tulisubiri, mimi na yeye na wale wageni ambao hawakujua tunasubiri nini. Msitu haukusema neno. Nikaanza kufikiri: labda si yeye. Labda ni yule mwingine, na ya nne haipo, na nimesimama hapa nimemwigizia mama mtu mzima ndege asiyekuwepo. Nilitaka kusema samahani, Matroni, nimekosea. Yeye hakutikisika. Alikuwa anautazama mdomo wangu kama mlango wa bweni.

Ndipo ikadondoka, kutoka juu sana kushoto, ya chini, peke yake. Msichana aliyekuwa akicheka aliinua kichwa. Matroni hakuinua. Kidole kilikuwa bado kipo hewani.

Nikainama sikioni kwake, nikaitoa, kwa nguvu, vibaya, mbele ya watu wote.

Akashusha kidole.

"Kaja," akasema. "Twende."